Bahasha ya Tarehe Tatu

Mume wangu hakuwa na uhusiano wowote na mshonaji. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa kwa sauti kubwa zaidi, na tangu mwezi uliopita, majirani walipomwona yule mama akitoka getini kwangu anafuta machozi, limepata miguu mipya. Wanasema marehemu alikwenda mahakamani akala kiapo cha uongo ili kumwokoa mume wa hawara yake. Hata kwa umbea hilo ni jambo la ajabu. Nani anahangaika kumrudisha nyumbani mume wa hawara? Lakini watu hujibu kwamba lisemwalo lipo. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, na methali hiyo niliifundisha kwa shingo upande.

Mume wangu alimwona mshonaji mara tatu maishani mwake. Mara mbili nilikuwepo, na mara moja alikuwepo hakimu.

Alikuwa karani wa posta. Alianza dirishani, akiuza stempu na kupima vifurushi, kisha akahamishiwa chumba cha nyuma, kile ambacho wateja hawakioni, barua zinakogongwa muhuri kabla ya kutiwa kwenye mifuko. Chumba kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa mpira mweusi, feni iliyolia kama kifaranga, na ukuta mzima wa vishubaka vya mbao vilivyoandikwa majina ya miji. Muhuri wenyewe ulikuwa nyundo ya chuma yenye mpini wa mti, na usoni pake palikuwa na tarakimu ndogo za kuchomoa na kuchomeka. Kila asubuhi, kabla ya kugusa barua yoyote, alibadilisha tarehe kwa kibano, akaugonga muhuri mara moja katika daftari maalumu, akatia sahihi pembeni. Ukilifungua daftari lile uliona siku za mwaka zimepangwa duara kwa duara, wala hakuna iliyoruka zamu.

Wenzake walimwita Bwana Tarehe. Nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza siku ile ile aliyoitaja daktari, postamasta alimpa mkono akamwambia, "Bwana Tarehe, hata wa tumboni umemgonga muhuri?"

Nje ya kazi alikusanya stempu. Wasichana wengine walitongozwa kwa nyimbo. Mimi nilitongozwa kwa historia ya posta. Aliniambia kwamba zamani, kabla ya stempu, mwenye kulipia barua alikuwa mpokeaji, basi maskini waliwekeana alama juu ya karatasi. Barua ikifika, mtu anaitazama alama, anajua mwanawe ni mzima, anamrudishia tarishi barua yake bila kuifungua wala kuilipia. Aliniambia kwamba stempu ya kwanza, ya mwaka 1840, ilikuwa nyeusi yenye kichwa cha malkia, na kwamba nchi iliyoitoa haikuandika jina lake juu yake, na mpaka kesho haiandiki. Nikasema, "Kama mwenye nyumba asiyepiga hodi kwake." Akasema, "Kama wewe." Stempu zile hazikuwa na vitobo pembeni, makarani walizikata kwa mkasi, na leo wakusanyaji wanagombania zile zilizokatwa na mkono uliotulia. Tena mwanzoni waligonga muhuri kwa wino mwekundu, watu wakauosha wino na kuitumia stempu mara ya pili. Haukupita mwaka, ikabidi wageuze: stempu ikawa nyekundu, wino ukawa mweusi.

Lakini aliloliheshimu kuliko yote lilikuwa lile la mwaka 1874, nchi ishirini na mbili zilipokaa meza moja zikakubaliana kwamba barua iliyolipiwa katika nchi moja itapokewa katika zote. "Fikiria," alikuwa akisema huku kioo cha kukuzia kiko jichoni, "watu wanaoviziana kwa mizinga, lakini muhuri wa posta wa jirani wanauamini." Kwake stempu ilikuwa nauli tu. Muhuri ndio uliokuwa kiapo.

Sasa nieleze jambo la wakusanyaji, maana bila hilo hamtaelewa. Stempu mpya inapotoka, mkusanyaji huibandika juu ya bahasha na kutaka igongwe siku ile ile ya kwanza kuuzwa. Ikigongwa kesho yake, kwake ni takataka. Kwa hiyo kila toleo jipya hapakosekani mtu aliyechelewa, anayekuja mlango wa nyuma kwa sauti ya chini kuomba tarehe irudishwe nyuma, kwa bahasha moja tu. Mume wangu aliombwa hivyo na walimu, na daktari, na hata mchungaji mmoja. Aliwakatalia wote.

Stempu za vipepeo zilitoka Jumatatu, tarehe tatu. Wiki iliyotangulia, mtu mmoja wa damu yangu, naye mkusanyaji, alikuwa amenikabidhi bahasha yake na pesa ya stempu nimpelekee mume wangu aibandike na kuigonga siku hiyo. Niliitia katikati ya daftari za mitihani nilizokuwa nikisahihisha, nikaisahau. Niliikuta Jumatano asubuhi. Kipindi cha pili sikuwa na darasa, nikavuka barabara hadi posta, mlango wa nyuma, kama wale wengine.

"Haiwezekani," alisema kabla sijamaliza.

"Ni bahasha moja."

"Leo tarehe tano, mama watoto."

"Sikuja kuuliza kalenda."

"Basi nitaigonga tano."

"Ukiigonga tano, afadhali tufungie sukari. Umemsahau mwenye bahasha? Tulipokuwa hatuna pa kulala, nani alitupa chumba?"

"Hilo halihusiani na muhuri."

"Kwako hakuna kinachohusiana na muhuri isipokuwa muhuri. Hivi umenioa mimi au umeoa hiyo nyundo?"

Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka kidogo, kwa hiyo nilijua nimeshinda. Alibandika stempu, akachukua kibano, akachomoa tano, akachomeka tatu, akagonga. Duara lilitoka safi, limekata bawa la kipepeo katikati kama wapendavyo wakusanyaji. Nikapuliza wino ukauke. Nikamwambia, "Bwana Tarehe, leo umepatikana," nikarudi kwa wanafunzi wangu.

Yaliyofuata alinisimulia jioni akifungua kamba za viatu. Nilipogeuza mgongo tu, aliitwa kwenye simu ya postamasta. Mfuko mmoja ulikuwa umepotea njiani, wakamshikilia kwa maswali. Aliporudi, mfuko wa saa nne ulikuwa karibu kufungwa. Alivuta rundo la barua akaligonga mbio mbio, kwa mazoea ya mkono, macho yako kwenye saa ya ukutani. Basi la barua lilipoondoka ndipo alipoutazama muhuri.

"Nimetuma barua kama arobaini zenye tarehe ya uongo," alisema.

Nikamjibu, "Kwani nani anasoma tarehe ya muhuri?"

"Hakuna," akasema. Tukala, tukalala. Jumamosi nilimpelekea mwenye bahasha bahasha yake, nikamsimulia, tukacheka.

Siku ile ile ya tarehe tano, saa saba mchana, ghala la pamba liliungua katika mji ulio safari ya kutwa na usiku mmoja kwa basi kutoka kwetu. Mlinzi alikuwa ndani, akafia humo. Polisi walimkamata fundi redio mmoja wa mji ule aliyekuwa amegombana na mwenye ghala, na ambaye alisikika akisema mbele za watu, "Ghala lako hili litakuja kuwaka." Fundi alisema asubuhi hiyo hakuwa mjini mwao hata kidogo, alikuwa kwetu, amefuata vipuri, akakuta duka limefungwa, na kabla ya saa nne akamtumia mkewe barua kwamba atachelewa kurudi. Mkewe, mshona nguo, alikuwa ameitunza. Barua yenyewe haikuwa na tarehe; wangapi wanaandika tarehe wanapomwandikia mke? Bahasha ndiyo iliyokuwa na tarehe. Juu ya stempu ya kipepeo muhuri ulisomeka tatu. Na aliyeposti barua kwetu tarehe tatu ana muda wa kutosha kurudi kwao na kiberiti tarehe tano. Posta ya kule nayo haikuwa ikigonga muhuri wa kupokea.

Mpelelezi alifika posta na bahasha ile ndani ya karatasi ya plastiki. Postamasta, kwa fahari, akamletea daftari la mihuri. Tarehe tatu ilikuwa mahali pake, na tarehe tano mahali pake, zote na sahihi. "Huyu karani wetu," postamasta alimwambia, "saa ya ukutani ndiyo inayomfuata yeye." Mume wangu alikuwa amesimama hapo. Nayaandika haya ili msidhani naandika habari za malaika. Siku hiyo alinyamaza.

Wiki iliyofuata mshonaji alikuja nyumbani kwetu. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sindano imechomekwa kwenye ukosi wa blauzi, ameisahau hapo. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Baba," alimwambia mume wangu, "mimi sijasoma. Lakini barua hii niliipokea Alhamisi jioni. Basi linalala njiani usiku mmoja. Barua ya Jumatatu ingenifika Jumanne. Jumatano na Alhamisi ilikuwa inafanya nini njiani?"

"Mengi huchelewesha barua," alisema mume wangu.

"Mume wangu hasemi uongo. Ana mdomo mchafu, ndiyo. Uongo, hapana."

Alipoondoka, mume wangu alikwenda moja kwa moja kwa mwenye bahasha, nami nikamfuata. Tulimkuta mezani, albamu iko wazi mbele yake, na ile bahasha ya kipepeo imekwisha kupangwa katika ukurasa wake.

"Shemeji," alisema mume wangu, "nakuomba kitu kimoja. Njoo useme kwamba ile bahasha ilinifikia Jumatano."

"Niseme wapi?"

"Mahakamani."

"Shemeji, una homa? Kurudisha tarehe ni kosa la jinai. Aliyegonga anafungwa, na aliyegongesha anafungwa."

"Kuna mtu atafungwa maisha."

"Fundi redio!" Mwenye bahasha alifunga albamu. "Unataka nimwage kazi yangu, cheo changu na jina la baba yetu kwa ajili ya fundi redio mwenye mdomo mrefu? Unajuaje hakuchoma? Ulikuwa naye?"

"Nilikuwa na barua yake."

"Basi nenda na barua yake. Mimi sikujui, na bahasha hiyo siijui."

Tulipofika kwetu nilimshika mkono, nikamtaka aniapie. Nilimwambia: nenda ukaseme yako yote, upoteze kazi, nitakuvumilia, nitawalisha watoto kwa chaki yangu; lakini jina lile usilitaje, na mimi usinitaje, maana wakinitaja mimi watanibana nilitaje. Kisha akaapa. Mimi ndiye niliyemwapisha, si mtu mwingine.

Alitafuta ushahidi mwingine kwanza. Aliomba ruhusa ya siku nne akapanda basi hadi mji ule, akawatafuta waliopokea barua za mfuko wa saa nne, nyumba kwa nyumba, bila kupita kwa mshonaji. Alifikiri, bahasha moja tu nyingine yenye tatu, na mwandishi wake akubali kwamba aliiposti Jumatano, basi. Aliwapata watu kumi na mmoja. Wengine walikuwa wamewashia moto bahasha zao. Mmoja alikuwa amezibia dirisha, mvua imekula wino. Wa mwisho alikuwa mwalimu aliyejua vizuri kabisa kwamba ndugu yake alimwandikia siku ya Jumatano, na bahasha alikuwa nayo. Akaitoa sandukuni. Pembe ya juu ilikuwa imekatwa. Alikuwa mkusanyaji. Alikuwa ameikata stempu, akailoweka ndani ya sahani ya maji hadi gundi ikaachia, akaitupa karatasi. Juu ya kipepeo ilikuwa imebaki robo ya duara, mwezi na mwaka. Tarehe ilikuwa kwenye kile kipande kilichotupwa.

Mahakamani alikwenda peke yake. Mwendesha mashtaka alimpa daftari lake.

"Sahihi hizi ni zako?"

"Ni zangu."

"Tarehe tano uligonga tano?"

"Ndiyo, asubuhi. Halafu nikaurudisha tatu kwa ajili ya bahasha moja, nikasahau kuurekebisha."

"Bahasha ya nani?"

"Hilo sijibu."

"Kuna aliyekuona?"

"Yuko."

"Ni nani?"

"Hilo nalo sijibu."

Watu walicheka. Hakimu mwenyewe alimwinamia. "Bwana, unaelewa kwamba kizimbani kuna mtu?"

"Naelewa, mheshimiwa."

"Na hujibu?"

"Nimeapa."

"Umeapa hapa mbele yangu kusema ukweli wote."

"Kile nilikiapa kabla ya hiki, mheshimiwa."

Katika hukumu, hakimu aliandika kwamba shahidi ni karani mwenye sifa ya uangalifu usio na doa, kwamba daftari lake linamkanusha yeye mwenyewe, na kwamba yaelekea ana sababu zake binafsi za kumsaidia mke wa mshtakiwa. Umbea wote mnaousikia ulizaliwa katika mstari huo mmoja. Hakuna aliyewahi kuwaona pamoja. Walisoma sababu zake binafsi, wakazivika nguo wenyewe.

Fundi alipewa kifungo cha maisha. Mume wangu alifukuzwa kazi, kwa kuwa ama alichezea muhuri ama alidanganya mahakama, na posta haikuona haja ya kuchagua. Alipopita sokoni, wanaume waliokaa barazani walimpigia kelele, "Bwana Tarehe! Leo tarehe ngapi?" Aliwajibu kila mara. Aliwatajia siku, tarehe na mwezi, taratibu, akapita. Nilimwambia asiwajibu. Akasema, "Wameuliza."

Kila mwezi alimwandikia fundi gerezani. Alizitoa stempu zake nzuri kutoka albamu, zile ambazo hazijawahi kutumika, akazibandika. Tulikuja kujua kwamba askari wa gereza walizibandua kabla ya kumpa barua. Mwaka wa tatu barua moja ilirudi. Juu yake palikuwa na muhuri wa zambarau, uliogongwa kombo: mpokeaji amefariki. Ndivyo tulivyopata habari za msiba.

Tulikwenda pamoja kumpa mshonaji pole. Aliendelea kukanyaga cherehani tulipoingia, akamaliza mshono wake, ndipo akainua uso.

"Barua zako zilimfika," alimwambia mume wangu. "Kila nilipokwenda kumwona alinieleza. Alisema, huyu bwana ananiandikia mambo yote, mvua, bei ya betri, watoto wake. Kila kitu, isipokuwa jina moja ninalolihitaji."

Mume wangu alipiga magoti. Yule mama hakumwinua, na mimi sikumwinua.

Mume wangu aliishi miaka mingine tisa. Hakujinyonga, kama baadhi yenu mnavyopenda kusimulia; figo zilikufa, naye akazifuata, kitandani mwake, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Hadi mwisho hakunilaumu hata kwa jicho. Ningependa angenilaumu.

Mwezi uliopita ndipo mshonaji alipokuja. Amezeeka, na haoni vizuri kutunga uzi. Alikuwa na karatasi ya wakili.

"Mwalimu, sikuja kwa ugomvi," alisema. "Wakili anasema hukumu za zamani sasa zinaweza kutazamwa upya. Nina watoto wanne wanaoitwa watoto wa mchoma ghala. Juzi mjukuu wangu amerudishiwa posa. Wamemwambia, ukoo wenu una moto."

"Nitaandika kwamba niliyepeleka bahasha ni mimi," nilimwambia. "Nitatia sahihi."

"Wakili anasema peke yako hutoshi. Wewe ni mke wa shahidi, watasema unamsafisha mumeo. Anamtaka mwenye bahasha, na albamu yake."

"Mwenye bahasha ana watoto, mama. Na wajukuu."

"Na mimi je, nina mbuzi?"

Nilimmiminia chai, hakuigusa.

"Yu hai?" aliuliza.

"Usiniulize."

"Mwalimu, mume wangu amekufa. Wako amekufa. Tumebaki wanawake wawili tu. Nitajie jina, nife nimelijua. Sitalipeleka popote."

"Utalipeleka," nilisema. "Ningekuwa wewe, ningelipeleka."

Ndipo alipoanza kulia, na ndivyo alivyotoka getini kwangu, na ndivyo mlivyomwona.

Naandika basi, kwa mkono wangu na kwa akili zangu timamu. Tarehe tano asubuhi fundi redio alikuwa katika mji wetu. Barua yake iligongwa na mume wangu kabla ya saa nne, siku ya Jumatano, kwa muhuri uliorudishwa nyuma kwa ombi langu. Mume wangu alisema kweli mbele ya hakimu. Mshonaji ni mwanamke mwadilifu, na anayemtaja pamoja na marehemu anawatukana wote wawili. Wakili wake achukue karatasi hii aitumie apendavyo.

Tulizaliwa sita. Najua mmekwisha kuanza kuhesabu. Hesabuni. Jina silitaji, wala kwa mshonaji, wala kwenu, na atakayekuja kuniuliza mlango hataukuta wazi.